India Haikujengwa na Mtu Mmoja

Wazee wenzangu wengi, na hata vijana waliosoma kuliko sisi, wana wimbo mmoja kila inapotajwa India. Husema kwamba nchi ile ni kubwa mno, ina lugha nyingi, dini nyingi na matabaka mengi, basi dawa yake ni mtu mmoja mwenye mkono wa chuma. India ikifanikiwa, husifiwa mtu huyo. Ikishindwa, husemwa kwamba mtu huyo bado hajapatikana. Zamani mtu huyo alikuwa Jawaharlal Nehru, kisha akawa binti yake Indira, na tangu mwaka 2014 ni Narendra Modi. Mimi nasema wimbo huo ni wa uongo, tena ni uongo wenye madhara, kwa sababu hauimbwi kwa ajili ya India peke yake. Anayeuimba huwa anatafuta kibali cha kutuletea mtu wa namna hiyo hapa kwetu.

Hebu tutazame historia. India ilipata uhuru tarehe 15 Agosti 1947, huku Wahindu, Waislamu na Masingasinga wakichinjana kando ya mpaka mpya uliochorwa kwa haraka. Zaidi ya watu milioni 10 walihama makwao. Haukupita mwaka, tarehe 30 Januari 1948, Gandhi akapigwa risasi na Mhindu mwenzake aliyemwona kuwa anawapendelea Waislamu. Nchi iliyozaliwa katika damu namna hiyo ingeweza kumkimbilia jenerali, na jirani yake Pakistan ilifanya hivyo mwaka 1958. India ilipanga uchaguzi.

Uchaguzi wenyewe, ulioanza mwishoni mwa 1951 na kumalizika mwanzoni mwa 1952, ni jambo ambalo kila mwalimu wa historia angepaswa kulifundisha. Wapiga kura wapatao milioni 173 waliandikishwa, wakati ambapo katika watu watano hakupatikana hata mmoja kamili aliyejua kusoma. Wakubwa wa Ulaya walicheka. Msimamizi wa uchaguzi, Sukumar Sen, mtumishi wa serikali aliyekuwa na shahada ya hisabati, aliweka alama za picha kwenye masanduku ya kura, ili mtu asiyejua herufi ajue anamchagua nani. Kisha akakuta wanawake wapatao milioni 2.8 hawakutaja majina yao wenyewe; waliandikwa kama mama wa fulani au mke wa fulani. Sen aliyaondoa maandishi hayo daftarini. Ulikuwa uamuzi mkali, nami naupenda kwa ukali wake: Jamhuri ilikuwa ikimwambia mwanamke kwamba yeye ni raia kwa jina lake, si kwa jina la mumewe. Niwaulize watu 100 wanaomtaja Nehru kila siku, sidhani kama nitampata mmoja anayemjua Sen.

Nehru mwenyewe, kwa haki yake, aliijua hatari hii. Mwaka 1937, akiwa kiongozi anayeshangiliwa kila aendako, aliandika makala katika gazeti moja la Calcutta kwa jina la uongo la Chanakya, akiwaonya wananchi wajihadhari na mtu mmoja aitwaye Nehru, kwani ana kila kitu cha kumfanya awe dikteta. Sijui viongozi wangapi duniani wamewahi kujichongea hivyo. Na B. R. Ambedkar, yule Dalit ambaye utotoni alitengwa na wenzake darasani, ndiye aliyeongoza kamati ya kuandika Katiba. Siku moja kabla Katiba haijapitishwa, Novemba 1949, alisimama bungeni akawaambia kwamba ibada huenda ikamwokoa mtu katika dini, lakini katika siasa njia ya ibada huishia kwenye udikteta. Waswahili walikwisha kuliona hilo: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Tembo lilitiwa maji mwaka 1975. Jaji wa Mahakama Kuu ya Allahabad alimkuta Indira Gandhi na hatia ya kuvunja sheria ya uchaguzi. Badala ya kujiuzulu, usiku wa tarehe 25 Juni ikatangazwa hali ya hatari. Wapinzani wakatiwa ndani, magazeti yakakaguliwa kabla ya kuchapwa, na watu maskini kwa mamilioni wakafungwa uzazi, wengi kwa kushurutishwa. Mwenyekiti wa chama chake akathubutu kusema kwamba India ni Indira na Indira ni India. Hata leo nawasikia watu wazima wakiitetea miezi ile 21. Ati treni zilifika kwa wakati! Ati makarani waliwahi kazini! Mwalimu yeyote anajua kuwa darasa lililonyamaza kwa kuogopa fimbo halisomi. Linasubiri tu mwalimu ageuke.

Ushujaa wa wakati ule haukuwa kwenye kiti cha Waziri Mkuu. Aprili 1976 majaji wanne wa Mahakama ya Juu waliamua kwamba katika hali ya hatari mtu aliyefungwa hawezi kwenda mahakamani hata kuutetea uhai wake. Wa tano, H. R. Khanna, alikataa peke yake. Januari 1977 zamu yake ya kuwa Jaji Mkuu ilipofika, akarukwa na kuwekwa mdogo wake kazini. Khanna akajiuzulu. Miezi miwili baadaye wanavijiji, wale wale wasiojua kusoma, wakamwangusha Indira, hata katika jimbo lake mwenyewe la Rae Bareli.

Sasa nifike penye uchungu wangu hasa, maana mimi maisha yangu nimeyamaliza mbele ya ubao. Katiba ya mwaka 1950, kifungu cha 45, iliahidi kwamba katika muda wa miaka 10 watoto wote hadi umri wa miaka 14 watapata elimu ya bure na ya lazima. Miaka 10 ikapita. Ikapita mingine 10, na mingine tena. Sheria ya kuifanya elimu kuwa haki ya mtoto ilipitishwa mwaka 2009! Wakati huo wote India haikukosa viongozi wakubwa. Ilikuwa nao tele, wenye kusikilizwa Belgrade na Moscow na New York. Vyuo vya ufundi vya hali ya juu vilijengwa tangu 1951, vikawa bora kweli kweli, na sisi tumenufaika navyo: tangu 2023 kimoja cha vyuo hivyo, kile cha Madras, kina tawi lake Zanzibar. Lakini nyumba ilianza kuezekwa kabla ya msingi. Mtoto wa Bihar aliachwa achunge mbuzi huku taifa likihesabu wahandisi wake.

Aliyeuona msingi alikuwa K. Kamaraj, Waziri Kiongozi wa jimbo la Madras kuanzia 1954 hadi 1963. Mtu huyu aliacha shule akiwa bado mtoto, na hakuwahi kuwa msemaji hodari. Alifungua tena shule za vijijini zilizokuwa zimefungwa, akaongeza nyingine kwa maelfu, kisha akatambua kwamba mtoto mwenye njaa hasomi, akaanzisha chakula cha mchana shuleni. Wataalamu walimwambia fedha hazitoshi. Fedha zilipatikana, na desturi ile ya uji na wali shuleni ikaja kuenea India nzima. Mwaka 1963 akiwa bado na nguvu zote, akaachia uwaziri kwa hiari yake akafanye kazi ya chama, akiwataka wakubwa wenzake wafanye vivyo hivyo. Nehru alipofariki 1964, na Shastri alipofariki 1966, Kamaraj ndiye aliyeshika funguo, wala hakujifungulia mlango. Kwamba mara ya pili alimfungulia Indira, hiyo ni kejeli ya historia ambayo siwezi kuitibu.

Nitaambiwa kwamba Modi ni mtu mwingine: mtoto wa muuza chai, hana ukoo wa kurithi, amejenga vyoo na barabara, na chini yake India imetua mwezini. Ni kweli hana ukoo, na hilo ni jambo la heri katika nchi ambayo chama cha Congress kiliigeuza kuwa shamba la familia. Lakini shirika la anga lililotua mwezini Agosti 2023 lilianzishwa mwaka 1969, na kazi yake imepita chini ya mawaziri wakuu wa kila namna. Chombo hakikupaa kwa picha ya mtu.

Na damu je? Mwaka 1984, Indira alipouawa na walinzi wake, Masingasinga zaidi ya 2,700 waliuawa Delhi peke yake, na mwanawe Rajiv akasema mti mkubwa ukianguka ardhi hutikisika. Mwezi uliofuata alipata viti zaidi ya 400. Mwaka 1992 msikiti wa Babri ulibomolewa Ayodhya mchana kweupe. Mwaka 2002 zaidi ya watu 1,000, wengi wao Waislamu, waliuawa Gujarat, Modi akiwa Waziri Kiongozi. Mahakama hazikumkuta na kesi ya kujibu, lakini mtawala haulizwi mahakamani tu. Chama kimoja au kingine, kila aliyetaka kuwa baba wa taifa zima alitafuta kwanza watoto wa kambo wa kuwachukia.

Januari 2024 Modi alilizindua hekalu pale pale Ayodhya kwa fahari kubwa, na wachambuzi wakasema kazi imekwisha. Wakapiga kura watu wapatao milioni 640. Chama chake kilishuka kutoka viti 303 hadi 240 katika viti 543, akalazimika kuomba washirika. Katika jimbo la Faizabad, ambamo Ayodhya imo, wapiga kura walimchagua mpinzani, tena Dalit.

Chama chake kilikuwa na desturi ya kuwaweka kando wazee waliopita miaka 75. L. K. Advani, aliyekijenga kuliko mtu mwingine yeyote, hakusimamishwa tena mwaka 2019. Septemba 2025 Modi naye alitimiza umri huo, na hakuna aliyemwonyesha mlango. Mimi nilistaafu kwa barua yenye mistari minne, na Jumatatu iliyofuata kengele ya shule ililia saa ile ile.