Nani Alipima Gunia Hili?

Kwa miaka miwili nilikuwa broka wa nyimbo pale Dundori. Sikujiita broka, bila shaka. Nilijiita msambazaji wa muziki kidijitali. Nilikuwa nimeacha chuo na kurudi nyumbani na laptopu moja na muda mwingi, nikagundua kwamba kati ya Lanet na Ol Kalou watu wanaoimba ni wengi kuliko watu wenye barua pepe. Kwa shilingi 1,500 nilichukua wimbo wako, nikatengeneza picha ya jalada, nikajaza fomu, na baada ya wiki mbili wimbo ukaonekana Spotify, Apple Music, Boomplay, YouTube Music, kila mahali. Msee alituma linki kwa jamaa zake Nakuru mjini na kwa binamu aliye Boston, na siku hiyo alitembea kama mtu aliyenunua ploti.

Sikuwadanganya. Wimbo ulifika kweli. Lakini nilikuwa nauza usafiri na kuuita soko, na kwa hilo nina deni. Ndiyo maana naandika.

Mteja aliyenifungua macho ni tata, dadake baba. Yeye huimba nyimbo za injili kwa Gikuyu, na alirekodi nne kwenye studio moja ya Nakuru kwa pesa za waru za msimu mzima. Nilimpakia bila malipo, yeye ni damu. Kwenye fomu, orodha ya lugha haikuwa na Gikuyu. Nikachagua Kiswahili, nikasonga mbele. Baada ya mwaka mmoja akaniuliza pesa ziko wapi. Nikafungua ripoti kwenye simu, nikamwonyesha: dola tatu na senti kumi, na huwezi kuzitoa kwa sababu hazijafika kiwango cha chini.

Aliangalia ile jedwali kwa muda. Halafu akauliza, "Na hii gunia ilipimwa na nani?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Mtu wa Dundori akiuliza swali hilo hafanyi mzaha. Hapa kwetu tunalima waru, kabichi na karoti, na sote tumekua tukiona lumbesa: gunia linajazwa mpaka mdomoni, halafu linaongezewa wavu juu na kushonwa, mpaka linakuwa na tumbo na kichwa. Broka analipa bei ya gunia moja. Akifika Marikiti, Nairobi, anauza kwa ndoo, na ile ndoo ya juu ni yake. Mkulima hajaibiwa usiku. Ameibiwa mchana, na mtu anayemwita kwa jina na kumuulizia hali ya watoto. Kelele zilipigwa miaka mingi mpaka kanuni za viazi za 2019 zikasema gunia lisizidi kilo 50. Lumbesa bado ipo, tunajua. Lakini leo mkulima akikataa anaweza kusema "sheria inasema", na zamani hakuwa na hilo.

Sasa tupime gunia la muziki.

Wasanii wengi niliowapakia waliamini kwamba wimbo ukichezwa mara moja una bei yake, kama soda. Hauna. Pesa za wote wanaolipia na pesa za matangazo huingizwa kwenye sufuria moja. Kampuni inachukua sehemu yake. Spotify husema karibu theluthi mbili huenda kwa wenye haki za nyimbo. Kinachobaki hugawanywa kulingana na nani alichezwa mara ngapi kati ya michezo yote. Maana yake ni hii: kuna dereva wa matatu pale Bahati anayelipia kila mwezi, na tuseme mwezi mzima amesikiliza tata peke yake. Pesa zake haziendi kwa tata. Zinaingia sufuriani, na nyingi zinakwenda kwa mastaa ambao huyo dereva hajawahi kuwasikiliza hata sekunde moja. Yeye anafikiri anamsaidia mama wa kwao, kumbe anachanga harambee ya watu asiowajua.

Halafu ongeza mahali msikilizaji alipo. Mtu anayesikiliza bure na matangazo akiwa Nakuru huleta pesa kidogo kuliko anayelipia akiwa Oslo. Kwa hivyo wimbo wa Gikuyu, ambao kwa asili yake unasikilizwa zaidi na watu wa hapa, unaanza safari ukiwa umepunguzwa bei.

Mwaka 2024 ikaja sheria nyingine. Spotify ilitangaza kwamba wimbo ambao haujachezwa angalau mara 1,000 ndani ya miezi 12 hauhesabiwi kwenye mgao wa mapato ya rekodi. Ukichezwa mara 999, ni sifuri. Wimbo wa kwaya ya kijiji, wa mzee anayepiga gitaa la mugithi kwenye harusi za hapa, wa kijana aliyerekodi kwa simu, wote wanalisha sufuria na hawapewi kijiko.

Utetezi wa kampuni nimeusoma, na si wa kijinga. Wanasema nyimbo hizo zilikuwa zinapata senti chache tu kwa mwezi, na senti hizo mara nyingi hazimfikii msanii kwa sababu ya viwango vya kutoa pesa na ada za benki. Kweli kabisa, hata tata alikwama hapo hapo. Lakini kampuni hiyo hiyo ilisema kwamba senti hizo zikikusanywa ni makumi ya mamilioni ya dola kwa mwaka, na kwamba zitapelekwa kwa nyimbo zilizovuka mstari. Chagua moja basi. Kama ni kidogo kiasi cha kutostahili kulipwa, mbona ni nyingi kiasi cha kustahili kuchukuliwa? Hiyo ndiyo hesabu ya lumbesa. Waru tatu za juu si kitu kwa mkulima mmoja. Kwa lori zima ni faida ya broka.

Na huyo anayebeba mzigo je? Kampuni za usambazaji ziko za aina mbili kubwa. Kuna zinazotoza ada ya kila mwaka, kama DistroKid na TuneCore. Kuna zinazotoza mara moja halafu zinakata asilimia, kama CD Baby, ambayo huchukua asilimia 9. Ada ya mwaka inaonekana rahisi, dola ishirini na kitu, nyimbo upakie utakavyo. Lakini hiyo ni kodi ya nyumba. Siku ukikosa kulipa, mara nyingi nyimbo zinaondolewa.

Hili nalijua kwa aibu yangu. Januari moja kadi yangu ya mtandaoni haikuwa na pesa, na barua pepe za kunikumbusha sikuzisoma. Nyimbo za tata zikatoweka, pamoja na za watu wengine kumi na moja waliokuwa kwenye akaunti yangu. Kwenye akaunti yangu, sikia hapo. Si yao. Kanisa lake lilikuwa limechapisha kalenda ya mwaka mzima yenye linki ya nyimbo hizo chini ya picha ya kwaya. Watu wakawa wanamuuliza baada ya ibada, "Mama, mbona umeficha nyimbo?" Yeye hakujua la kujibu, kwa sababu hakuwahi kujua zilikuwa wapi. Hapo mimi ndiye niliyekuwa broka anayeulizia hali ya watoto.

Najua majibu yatakayokuja. La kwanza: zamani ilikuwa mbaya zaidi. Kweli. Sitaki mtu anirudishe kwenye kaseti za River Road, ambapo kopi ya bandia ilifika Nakuru kabla ya ile halali. Sitaki pia kuwasifu vijana wa duka la muvi pale stendi wanaojaza flash za matatu kwa shilingi hamsini, kwa sababu ingawa ndio wasambazaji wakubwa wa muziki hapa kwetu, hakuna msanii ninayemjua waliyewahi kumlipa. Hata mashirika yetu ya kukusanya mirabaha yana lumbesa yao: mwaka 2019 wanamuziki walilalamika hadharani walipotumiwa Sh2,530 kila mmoja, kiasi kile kile, aliyechezwa redioni kila asubuhi na asiyechezwa kabisa. Ubaya wa jana hauifanyi mizani ya leo kuwa sawa.

La pili: kazana, jitangaze, ingia TikTok. Hii huwa tunaambiwa na watu wanaouza kozi. Mkulima naye huambiwa alime ekari zaidi. Kama kila gunia linapunjwa, ekari zaidi ni kupunjwa zaidi, na mgongo unauma.

La tatu ndilo la maana: sasa tufanye nini? Kampuni ziko mbali, sisi tuko Dundori.

Tuna mfano wa hapa nyumbani. Skiza ilianza 2009, na kwa miaka mingi wasanii walilia kwamba mlio wao unalipiwa na wananchi huku wao wakipata makombo. Walienda kortini, wakapiga kelele bungeni na kwenye redio. Sheria ya hakimiliki iliyorekebishwa mwaka 2022 ikaandika mgao kwa tarakimu: mwenye wimbo asipate chini ya asilimia 52, kampuni ya simu asilimia 39.5, na wa katikati asilimia 8.5. Unaweza kubishana kuhusu utekelezaji, na ubishane kweli. Lakini mizani imeandikwa, na mtu wa kawaida anaweza kuisoma.

Kwa nini hatuna sentensi kama hiyo kuhusu majukwaa ya kusikiliza? Usiniambie serikali haiwezi kuzifikia kampuni za nje. Mwaka 2021 ilianza kuzitoza ushuru wa huduma za kidijitali, asilimia 1.5 ya mauzo yao hapa. Kumbe mkono unafika. Ulifika kuchukua sehemu ya serikali. Unaweza kufika pia kudai ripoti inayoeleweka: pesa ngapi zimetoka Kenya, zimegawanywa vipi, na ngapi zimebaki kwa wanamuziki wa Kenya. Mpaka leo msanii wa hapa anaonyeshwa kichwa cha gunia tu.

Na usiniambie ule mgao wa sufuria moja hauwezi kubadilishwa. Tangu 2021 SoundCloud imekuwa na mpango ambapo pesa za msikilizaji hugawiwa wasanii anaowasikiliza yeye mwenyewe. Bandcamp hukata asilimia 15 ya mauzo ya kidijitali na nyingi ya zilizobaki huenda kwa mwenye kazi, na mnunuzi anajua amemlipa nani. Huko ndiko mwanamuziki KMRU amekuwa akizitoa upya nyimbo za babu yake, Joseph Kamaru, aliyefariki 2018. Kamaru aliimba Gikuyu na kuuza sahani zake kabla ya sisi kujua neno jukwaa. Nyimbo zake zimepata maisha ya pili kwa sababu kuna mtu wa nyumbani aliyezishika mkononi. Jiulize kama wajukuu wa tata wangezipata zake, zikiwa kwenye akaunti ya mpwa aliyesahau kuweka pesa kwenye kadi.

Mimi sisemi watu watoe nyimbo zao kwenye majukwaa. Binamu wa Boston yuko huko, na bado ni raha kumsikia mama yako kwenye spika ya mtu usiyemjua. Nasema tuache kuwaambia wamefika sokoni kwa sababu tu lori limebeba mzigo. Nasema msikilizaji anayelipia ana haki ya kudai shilingi zake ziende kwa anayemsikiliza. Na vyama vya wasanii vilivyopigania Skiza visikae chini sasa, kwa sababu kazi imefika nusu.

Tata sasa ana akaunti yake. Nililipa mimi, hilo lilikuwa deni. Nyimbo zimerudi, idadi ya wasikilizaji imeanza upya. Pembeni anauza mwenyewe: unatuma Sh50 kwa M-Pesa, anakutumia wimbo WhatsApp. Mwezi wa kwanza walinunua watu 23. Hiyo ni Sh1,150, na najua kuna waliotumiwa bure na hao 23. Siwezi kuiita suluhisho. Lakini alizihesabu mezani, akajua kila noti imetoka kwa nani, na hakuniuliza nani alipima.

Kama wewe ni kijana mwenye laptopu kwenye senta fulani, na una nyimbo za watu kwenye akaunti yako, fanya jambo moja kabla wiki haijaisha. Mpigie kila mmoja simu. Mpe nywila, mpe faili zake, mpe nambari za utambulisho za kila wimbo, na mwonyeshe ripoti mstari kwa mstari hata kama ni ya dola tatu. Atakuuliza maswali magumu. Mengine hutaweza kuyajibu, na hayo ndiyo tunayotakiwa kuyapeleka mbele, kwa majina yetu wenyewe.