Meno ya bandia si siri, jamani

Nawaandikia kutoka huku Uingereza kwenye baridi. Najua nimeadimika, zamu za usiku zimenibana kweli kweli. Ila leo lazima niandike, maana jambo hili limenikaa rohoni tangu niliporudi likizo.

Nilipokuwa Tanga nililala chumba kimoja na shangazi yangu. (Kanipa ruhusa niandike, mradi jina nisilitaje!) Ana meno ya bandia, juu na chini, mwaka wa tatu sasa. Usiku wa kwanza nikaona anapanda kitandani nayo. "Shangazi, hutoi meno?" Akanijibu, "Mwanangu, wajukuu waingie asubuhi wanikute kibogoyo?" Kumbe hata kuyasafisha ni kwa kujificha, haraka haraka. Nilipommulika kinywani kwa tochi ya simu, kaakaa lote jekundu. Fangasi. Mwenyewe alidhani ni pilipili inamchoma.

Maoni yangu ni haya: kinachowaumiza wazee wetu si yale meno, ni aibu tuliyowatwisha sisi wenyewe. Mtu akivaa miwani hatumcheki. Akikosa meno, tunaangua kicheko.

Huku wodini mgonjwa mwenye meno ya bandia anapewa kikopo chenye mfuniko na jina lake. Usiku anayatoa, yanasuguliwa, yanalala kwenye maji. Hatufanyi hivyo kwa ajili ya usafi tu. Utafiti wa Tokyo uliochapishwa mwaka 2015, kwa wazee 524 wa miaka 85 na zaidi, ulikuta kwamba kwa waliolala na meno ya bandia hatari ya kupata nimonia ilikuwa zaidi ya mara mbili. Vijidudu vinavyojijenga kwenye meno na ulimi vinaweza kuvutwa na pumzi mpaka mapafuni.

Kwa hiyo, wenye wazee nyumbani, shikeni haya. Meno yasuguliwe kila siku kwa brashi laini na sabuni, si dawa ya meno, maana inayakwaruza. Maji ya moto msitumie, yanayapinda. Wekeni beseni la maji chini yake, yakiponyoka yasivunjike. Fizi na ulimi navyo visafishwe. Yakianza kulegea, mjue fizi zimesinyaa, ni kawaida baada ya kung'oa. Mpelekeni mzee kwa daktari wa meno yarekebishwe. Habari za kuyachonga kwa tupa au kuyabandika kwa gundi ya dukani acheni kabisa!

Shangazi nilimnunulia kikopo na dawa ya fangasi akapata hospitali. Wiki iliyopita nimepiga simu, nikamsikia mjukuu wake mdogo akiuliza, "Bibi, meno yako yamelala?" Bibi mwenyewe anacheka.

Haya, kawaulizeni wazee wenu, kwa heshima na faraghani. Tuonane tena panapo majaliwa.