Mafuta ya Transfoma Yanaishia Wapi?

Fundi mmoja wa kuchomelea vyuma, mkazi wa Ngara, alinijia kliniki ya ngozi akiwa na chunusi nyeusi na vivimbe vidogo nyuma ya masikio, mashavuni na mikononi. Umri wa chunusi alikwisha kuupita zamani, na dawa za kupaka alikwisha kuzijaribu za kila namna. Nilipomuuliza mikono yake hushika nini kutwa nzima, alijibu bila wasiwasi kwamba mashine yake ya kuchomelea, aliyoiunda mwenyewe, hupozwa kwa mafuta ya transfoma; na jioni, magoti yakimuuma, hujichua kwa mafuta hayohayo. Aliyanunua kwa mpita njia, kwa chupa.

Mafuta yoyote ya madini yakikaa juu ya ngozi huziba vinyweleo na huweza kuleta chunusi za namna hiyo. Hilo ni jambo dogo: mtu akiacha kuyagusa, aghalabu hupona. Lakini baadhi ya transfoma za zamani zilijazwa kemikali za jamii ya PCB, nazo huleta chunusi zinazofanana na hizo, ambazo huweza kudumu kwa miaka mingi, pamoja na madhara kwa ini na kwa mtoto aliye tumboni. Mwaka 2013 wataalamu wa IARC, taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani, waliziweka PCB katika kundi la vitu vilivyothibitika kuleta saratani kwa binadamu. Kwa macho yangu sikuweza kutenganisha hili na lile. Jibu la ugonjwa wa fundi yule lilikuwa katika karatasi ya vipimo iliyopaswa kuandamana na mafuta yale tangu yalipotolewa ndani ya chombo. Karatasi hiyo haikuwepo.

Ndiyo maana naona kwamba kumbukumbu za taka za shirika la umeme hazipaswi kuishia bohari. Zifike pia mezani kwa mganga mkuu wa wilaya.

Kwa miaka mingi miji ya Ngara na Biharamulo ilipata umeme wa jenereta za dizeli. Leo mambo ni mengine. Pale Rusumo, mto Kagera unazalisha megawati 80 ambazo Tanzania, Rwanda na Burundi hugawana kwa mafungu sawa, na njia kuu ya umeme inakwenda hadi Nyakanazi. Ni neema kubwa. Aliyewahi kumhudumia mzazi kwa mwanga wa tochi hahitaji kuelezwa. Lakini kila transfoma inayopandishwa nguzoni leo itashushwa siku moja, na kila nguzo ya mti itaoza. Huu ndio wakati wa kuuliza vitakwenda wapi, kabla havijaanza kushuka kwa wingi.

Mtu aweza kujibu kwamba mtandao wetu ni mpya, na transfoma zilizotengenezwa baada ya miaka ya 1980 hazikuwekewa PCB. Jibu hilo ni kweli nusu. Mashine moja ya kuchujia mafuta ikihudumia transfoma ya zamani kisha ikaunganishwa na mpya, huihamishia sumu ile ya kwanza. Kwa hiyo mwaka wa kutengenezwa hautoshi. Hupimwa mafuta yenyewe. Kiwango kinachotumika kimataifa ni miligramu 50 kwa kilo: yakifika hapo, huhesabiwa kuwa taka hatarishi. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2004, ulilenga vifaa vyenye PCB viondolewe kazini ifikapo 2025 na taka zake zishughulikiwe kwa usalama ifikapo 2028.

Yanayotokea mafuta haya yakiingia chakulani si ya kukisia. Mwaka 1968 magharibi mwa Japani, mafuta ya kupikia ya pumba za mpunga yaliingiwa na PCB kiwandani, na watu zaidi ya elfu moja waliugua. Taiwan ilipatwa na msiba wa aina hiyohiyo mwaka 1979. Wako watoto waliozaliwa ngozi ikiwa nyeusi kupita kawaida, wengine wakachelewa kukua. Nchini Kenya imeripotiwa kwamba wezi huyakamua transfoma mafuta yake na kuyauza kwa wakaanga chipsi, kwa kuwa hayaishi upesi kikaangoni.

Kinachonisikitisha ni kwamba taka hizi zina thamani halali. Mafuta yasiyo na PCB husafishwa kwa udongo maalumu unaonyonya asidi na uchafu, yakarudi kazini. Shaba, aluminiamu na chuma cha transfoma huyeyushwa upya. Yenye PCB huteketezwa katika tanuri la joto linalozidi nyuzi 1,100 au huvunjwa kwa kemikali. Kuyachoma kwenye shimo la kawaida huzaa furani, ambazo ni sumu kali zaidi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ipo, na NEMC hutoa vibali vya kushughulikia taka hatarishi. Ninachokidai ni hesabu: lita ngapi zilikuwamo katika transfoma iliyoshushwa, ngapi zilipimwa, ngapi zilifika kwa mwenye kibali. Tofauti kati ya tarakimu hizo ndiyo inayouzwa kwa chupa njiani.

Nguzo nazo. Nyingi hulowekwa dawa yenye shaba, kromiamu na aseniki, ndipo mchwa wakaziacha. Nguzo kuukuu ikigeuzwa kuni, aseniki hubaki katika moshi na majivu. Mwaka 1984 madaktari wa Marekani walieleza juu ya familia ya watu wanane huko Wisconsin waliougua kila majira ya baridi, wakinyonyoka nywele, kwa kuwa jiko lao lilichoma mabaki ya mbao zilizotiwa dawa hiyo. Kwetu majivu humwagwa bustanini na jikoni mna mtoto mgongoni. TANESCO ina kampuni tanzu inayotengeneza nguzo za zege, hatua ninayoiunga mkono. Ila za mti zitakazong'olewa zirudishwe bohari kwa idadi, zisiachwe kando ya barabara kama zawadi kwa kijiji.

Kwenu wenzangu wa zahanati: mgonjwa mwenye chunusi za utu uzimani, aulizwe kuhusu mafuta ya mashine na kuni anazotumia. (Nakiri kwamba miaka yangu ya mwanzo sikuuliza.) Aliyemwagikiwa aoshwe kwa sabuni na maji, kamwe si kwa petroli wala mafuta ya taa. Aliyekunywa asitapishwe, maana mafuta yakiingia mapafuni huleta nimonia. Apelekwe hospitali mara moja. Mama aliyeyagusa asikatazwe kunyonyesha kwa hofu tu.

Fundi wangu aliacha kujichua, na alipokuja mara ya pili aliniletea mafuta yaliyosalia. Chupa ile nimeiandika tarehe na kuifungia kabatini, nikitafuta maabara ya kuipima.