Pakiti za kadi katika michezo ya video: feza inalipwa juu ya nini?

Katika vyumba vya kucheza vya Bukavu, Butembo na Bunia, muchezo wa mupira wa EA Sports hauhitaji kuelezwa. Uliitwa FIFA mpaka 2023, sasa unaitwa EA Sports FC, na kila mwaka kunatoka mupya. Ndani yake kuna Ultimate Team, ambamo mutu anajenga timu yake kwa kadi za wachezaji. Kadi zinapatikana kwa kucheza sana, ao kwa kununua pakiti kwa feza za kweli. Lakini mara nyingi mwenye kununua hajui nani atatoka ndani. Anatafuta Mbappé, anapata beki ambaye hata majirani wake hawamujui.

Bei yenyewe si ndiyo shida. Mwaka 2016 kampuni CD Projekt Red ya Poland iliuza Blood and Wine, nyongeza ya The Witcher 3, karibu dola 20. Mwenye kulipa alipata eneo zima jipya, hadisi mupya, na saa nyingi za kucheza. Miaka kumi mbele ya hapo, Bethesda iliuza mavazi ya vita ya farasi katika Oblivion kwa dola 2,50. Ulimwengu mzima ulicheka. Hata hivyo, aliyenunua alijua ananunua nini, na farasi wake alivaa.

Pakiti ni mbaya kuliko yale mavazi ya farasi. Mutu analipia bahati, kisha toleo la mwaka unaofuata linatoka na kadi zake zote zinabaki nyuma. Anaanza tena na sifuri. Kwa kijana wa kwetu hesabu ni kali zaidi: mara nyingi analipa kupitia mutu wa katikati, mwenye naye anaongeza faida yake. Na mega za kupakua muchezo hazijahesabiwa.

Ubelgiji, mwaka 2018, tume ya michezo ya bahati ilisema kwamba pakiti za namna hiyo ni kamari. Kufikia Januari 2019 EA ikaacha kuuza huko pointi za kununulia pakiti. Uholanzi mahakama iliona kinyume mwaka 2022, kwa hiyo mabishano ya sheria hayajaisha. Lakini mutoto wa Matonge, kule Bruxelles, analindwa kwa jambo ambalo ndugu yake wa Uvira anaachiwa aamue peke yake, na feza ya muzazi.

EA inasema kadi zinapatikana pia bila kulipa. Ni kweli, kwa mwenye kuwa na umeme na saa za kutosha. Ila kuna jambo moja: pointi ambazo hazijatumiwa, kampuni imekuwa ikiruhusu zihamishwe katika toleo jipya. Kadi ambazo zimekwisha kulipiwa, hapana.