Mheshimiwa Waziri, Usiku wa Minjila ni Mrefu

Kwa Waziri wa Afya,
Serikali ya Kaunti ya Tana River,
Hola.

KUH: USINGIZI WA WALIOACHA POMBE

Mheshimiwa,

Mimi ni mwendesha bodaboda hapa Minjila. Leo ni siku ya 52 sijaonja pombe. Wenzangu stendi hunipa hongera, mmoja wawili hunicheka, kisha jioni kila mtu huenda zake kulala. Mimi silali. Ndiyo sababu ya barua hii.

Nimekunywa miaka 11: mnazi ukipatikana, chang'aa mnazi ukikosekana, bia siku ya abiria wa mbali. Nilipoacha, niliacha kama tunavyoambiwa na kila mtu: acha tu, jikaze. Nikajikaza. Usiku wa pili shuka lililowa chapachapa. Kikombe cha maji nilikishika kwa mikono miwili na bado nikajimwagia kifuani. Mbu wa Tana unawajua, Mheshimiwa, lakini mimi nilikuwa ndani ya neti na wadudu wakinitambaa mwili mzima, wadudu ambao hakuna mwingine aliyewaona. Saa nane nikasikia naitwa nje kwa jina la utotoni. Mama akataka aletwe mtu wa kunisomea. Jirani yetu, aliyewahi kumuuguza kaka yake, ndiye aliyesema: huyu hana jini, ni pombe inadai.

Baadaye tabibu mmoja alinieleza. Ubongo unaotulizwa na pombe kila siku huzoea kujichochea ili usizimike. Ukiikata pombe ghafla, ule uchochezi hubaki peke yake, hauna wa kuuzuia. Siku ya pili na ya tatu ndizo za hatari zaidi: wengine huweweseka, wengine hushikwa na degedege, na wapo wanaokufa. Kwa hiyo mtu anayekunywa kila siku na kuamka akitetemeka hafai kuachia pombe chumbani peke yake. Mimi sikulijua hilo. Nilivuka kwa bahati.

Hatari ikipita, usingizi haurudi papo hapo. Unaweza kukosekana wiki nyingi, hata miezi, na hapo ndipo wengi wetu huanguka. Mwenzangu mmoja alivumilia siku tisa. Ya kumi akanywa glasi moja, apate kulala tu. Alilala. Asubuhi akatoa lock, yaani akanywa tena kuondoa hangover, na mpaka leo yuko huko. Wengine hutafuna muguka mchana wasisinzie juu ya pikipiki, na usiku muguka nao unawanyima usingizi uleule wanaoutafuta. Nami nilijaribu. Sikushauri.

Yaliyonisaidia ni madogo. Chai ya rangi sinywi tena baada ya alasiri. Naamka saa kumi na mbili hata kama nimelala kwa saa moja tu, na mchana sijinyooshi. Usingizi ukigoma, siupiganii kitandani. Natoka, nakaa kibarazani, nasikiliza malori ya Lamu mpaka macho yawe mazito. Na jirani yule huja kukaa nami, tukazungumza mafuriko na bei ya maembe. Pombe hatuitaji.

Lakini si kila mtu ana jirani kama huyo. Kwetu anayekunywa hujificha, na anayeacha hujificha pia, maana akisema ameacha amekiri kwamba alikuwa akinywa. Ndiyo maana sikuandika jina langu.

Mheshimiwa, Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti zahanati na vituo vya afya. Jedwali hilohilo limezipa leseni za vileo. Ada ya baa na dawa ya aliyeumizwa na baa ziko mikononi mwa serikali moja. Naomba sehemu ya ada hiyo ituangukie. Kituo cha afya kilicho karibu na barabara kiwe na mtu, usiku pia, anayeijua hali hii, na awe na vitamini B1 na dawa za kutuliza. Dawa hizo za kutuliza tupewe chini ya uangalizi, tusifungiwe kwenye karatasi kwenda nazo nyumbani. Atakayezichanganya na chang'aa anaweza kukata pumzi. Wahudumu wa afya ya jamii, waliopewa mikoba yao mwaka 2023, wafundishwe kuuliza swali moja zaidi wanapopita nyumba kwa nyumba: unalala? Na namba ya msaada ya NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi, 1192, ambayo kuipiga ni bure, ibandikwe stendi, sokoni na mlangoni pa kila baa, kwa Kiswahili, Kipokomo na Kiorma. Mimi niliipata siku ya 30, tena kutoka kwa abiria wa Malindi.

Naomba jibu kabla bajeti ijayo haijasomwa.

Mkaazi wa Minjila