Winga na Dirisha la Benki

Wako watu wasemao kwamba mchezaji asiyefika Ligi Kuu ameshindwa. Wako na wengine, na hao kwangu ni wabaya zaidi kwa kuwa husema huku wakitabasamu, kwamba mchezaji wa daraja la chini ana raha yake: anacheza kwa mapenzi, hana tamaa ya fedha, na kwake ndiko kandanda la kweli lilikobaki. Kauli zote mbili nimezisikia katika vibanda tunamotazamia mpira wa Hispania, mara nyingine kutoka kinywa kimoja katika usiku mmoja. Mimi nazikataa zote, na shahidi wangu ni Pablo Infante.

Alikuwa winga wa Mirandés, klabu ya Miranda de Ebro, mji wa reli kaskazini mwa Hispania wenye watu wasiofika elfu 40. Yeye mwenyewe ni mzaliwa wa Burgos, mwaka 1980. Msimu wa 2011-12 klabu yake ilikuwa Segunda B, jina ambalo lenyewe lina ulaghai kidogo, maana lasema Daraja la Pili B na kumbe ni la tatu. Humo mlikuwa na timu 80 katika makundi manne, na kila mwaka zilipanda nne tu. Basi katika Kombe la Mfalme vijana hao wakaitoa Villarreal, iliyokuwa ikicheza Ligi ya Mabingwa wa Ulaya msimu uleule. Wakaitoa Racing Santander. Januari 2012 wakaitoa Espanyol kwa kichwa cha beki César Caneda, mpira ukiwa umebakiza pumzi mbili. Nusu fainali ndipo Athletic Bilbao ilipowakumbusha dunia ilivyo, mabao 8 kwa 3 katika mechi mbili. Infante alimaliza na mabao 7, na hapakuwa na mchezaji wa Barcelona wala wa Real Madrid aliyemzidi katika kombe hilo.

Na siku za kazi alikuwa benki, katika tawi la kijiji kiitwacho Quincoces de Yuso.

Magazeti yakashangilia. Ah, mfanyakazi wa benki anayewafunga matajiri! Kila mwandishi aliuliza anawezaje kufanya kazi mbili. Lakini ndugu msomaji, swali la haki lilikuwa jingine: kwa nini alilazimika? Mimi nimekaa dirishani benki miaka kumi na minane. Naijua ile saa ya kufunga hesabu, senti zinapokataa kulingana na kichwa kinauma. Mtu akitoka hapo hutamani kiti na chai. Yeye alitoka akaenda kukimbia. Kuliita jambo hilo hadithi tamu ni sawa na kumsifu mama anayebeba mzigo mzito kwa jinsi anavyotembea vizuri.

Tena msimu huohuo ulianza kwa mgomo. Agosti 2011 mechi za kwanza za madaraja mawili ya juu hazikuchezwa, kwa sababu wachezaji zaidi ya 200 walikuwa wakidai mishahara, kiasi cha euro milioni 50 kwa hesabu ya chama chao, AFE. Ikiwa huko juu, kwenye televisheni na taa, mtu anakopwa jasho lake, wa daraja la tatu atasema nini? Chama hicho kilianzishwa mwaka 1978, na mwaka uliofuata kikagoma, maana zamani klabu iliweza kumshikilia mchezaji hata mkataba wake ulipokwisha. Amri ya serikali namba 1006 ya mwaka 1985 ndiyo iliyoweka wazi kwamba mwanamichezo wa kulipwa ni mwajiriwa mwenye haki zake. Mapenzi ya mpira hayakuwapa hata kimoja katika hivyo.

Naambiwa klabu ndogo hazina fedha. Kweli, uwanja wa Anduva hauingizi watu wengi, na hilo silipingi. Lakini fedha zipo, ila zina njia zake. Tangu amri ya mwaka 2015 haki za televisheni za ligi huuzwa kwa pamoja, na mgao ni asilimia 90 kwa Ligi Kuu na 10 kwa Daraja la Pili. Wa tatu hesabu haimtaji. Mwaka 2021 Segunda B ilifutwa, likaja daraja jipya lenye timu 40 na jina zuri zaidi. Wahispania ni hodari wa majina.

Na kwa winga mambo ni magumu kuliko kwa wengine. Kipa huweza kufika miaka 38 akiwa bado anaaminiwa. Beki akizeeka husimama mahali pazuri na kupiga kelele. Winga anakula kwa mbio. Siku mguu ukichelewa nusu hatua, beki wa miaka ishirini anamjua. Swali la nitakula nini kesho humjia mapema, na Infante alikuwa na jibu lake kabla halijamfikia. Mirandés ilipopanda mwaka 2012 alicheza Daraja la Pili akiwa na miaka 32, kisha akahamia Ponferradina. Ligi Kuu hakuichezea kamwe. Kama huko ni kushindwa, nionyesheni walioshinda ni wangapi katika nchi ile yote yenye timu 20 za juu.

Nayasema haya kwa ukali kwa sababu nyumbani kwangu anakaa mpwa wangu, winga pia, miaka kumi na saba. Kocha wake anamtaka aache chuo cha ufundi umeme, eti mshika mawili moja humponyoka. Nimemwita kocha kwa heshima, nikamkaribisha chai, nikamwomba aniandikie majina ya vijana aliowafundisha miaka kumi iliyopita na kazi wanazofanya leo. Aliahidi kuleta orodha Jumatatu. Jumatatu tatu zimepita, na mpwa wangu asubuhi hii ameondoka na bisibisi zake mfukoni na viatu vya mpira begani.