Jani Lina Wapangaji: Tukitoa Kibali, Tunatoa Nini?

Mtu akipanda kutoka Kigoma mjini kwenda Kalinzi huona migomba na mibuni ikifuatana vilimani, na upande wa ziwa ipo misitu ya Gombe. Mbuni ni mgeni katika ardhi hii. Ndugu zake wa porini ni wenyeji. Katika ukoo mkubwa wa mimea ambao mbuni ni mmoja wa wanawe, zimo Psychotria na Pavetta, zilizoenea katika misitu ya Afrika Mashariki. Chukua jani la baadhi ya spishi hizo, uliinue kuelekea jua: utaona vidoa vyeusi vilivyotapakaa. Asiyejua atadhani ni ugonjwa, kumbe kila kidoa ni chumba kilichojaa bakteria, na mmea wenyewe ndio uliokijenga.

Jambo hili si jipya. Mwaka 1902 Mjerumani Albrecht Zimmermann aliandika kwamba vidoa hivyo ni makazi ya bakteria. Mwaka huohuo ilianzishwa taasisi ya utafiti ya Amani, Usambara, ambako baadaye alifanya kazi kwa miaka mingi na hata kuiongoza. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Zürich walichapisha jenomu ya bakteria anayeishi ndani ya Psychotria kirkii, mmea wa Afrika Mashariki. Ikabainika baadaye kwamba bakteria huyo ndiye anayetengeneza kirkamidi, kemikali iliyo sumu kwa wadudu. Mmea huo ukinyang'anywa bakteria wake, hudumaa. Jina lenyewe nalo lina habari yake: John Kirk alikuwa balozi mdogo wa Uingereza pale Zanzibar. Jina lake limerithiwa na mmea, kisha na bakteria, kisha na kemikali. Hakuna kijiji cha huku kilichopata hata silabi moja humo.

Nieleze kidogo kazi yenyewe, maana watunga sera wengi hudhani ni kutazama kwa darubini na kutoa jina. Bakteria wa ndani hawamo katika majani yenye vidoa peke yake. Mimea karibu yote inao, kwenye mizizi, shina, majani na hata mbegu, na wengi hawaonekani kwa dalili yoyote. Jani huoshwa, likachovywa katika spiriti na dawa ya klorini ili kuua kila kilichokaa juu ya ngozi yake, kisha likasuuzwa kwa maji yasiyo na kijidudu. Maji ya mwisho ya kusuuzia humwagwa kwenye sahani ya agari. Kikiota kitu humo, kazi ya siku nzima ni bure, kwa sababu huwezi tena kuapa kwamba ulichokipata kilitoka ndani. Ndipo jani husagwa, uji wake ukasambazwa kwenye sahani nyingine, na makundi ya bakteria yanayochipua yakatenganishwa moja moja. Kutoka kila kundi husomwa jeni iitwayo 16S, ambayo kila bakteria anayo, na mpangilio wake hulinganishwa na ile iliyohifadhiwa katika hazina za kimataifa. Wengi hawakubali kuota kwenye sahani. Hao husomwa moja kwa moja kutoka kwenye tishu, na hapo huja kero nyingine: kloroplasti, zile sehemu za kijani za seli, asili yake ni bakteria wa kale, na jeni zake zinafanana mno na zile tunazozitafuta. Mtafiti asiyejihadhari atalisoma jani akadhani amemsoma mpangaji. Na hata akifaulu, jeni ya 16S hutaja ukoo tu. Haisemi huyo mwenye ukoo anafanya kazi gani humo ndani.

Swali hilo la kazi ndilo tunaloliruka. Kila mwaka vyuo vyetu hupokea tasnifu zenye mwendo mmoja: mti wa dawa, mganga aliyeutaja, majani yakasagwa, kimiminika kikatiwa kwenye sahani ya bakteria, duara la waliokufa likapimwa kwa milimita. Ni nadra mwanafunzi kuuliza ni nani ndani ya jani aliyeitengeneza sumu ile, na ni nadra zaidi msimamizi kumruhusu aulize, kwa kuwa fedha na muda vimekwisha.

Gharama ya kutouliza tunaweza kuiona kwa jirani zetu. Mwaka 1976 Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani ilikusanya zaidi ya tani 27 za mmea uitwao Maytenus buchananii kutoka vilima vya Shimba nchini Kenya, katika nchi ya Wadigo, ikitafuta maitansini, kemikali inayoua seli za saratani lakini inayopatikana katika mmea kwa kiasi kidogo mno. Mwaka uliofuata kemikali za jamii hiyohiyo zikapatikana kwa bakteria. Miongo kadhaa baadaye ikaonyeshwa kwamba hata ndani ya mimea ya ukoo huo, watengenezaji wa maitansini ni bakteria waishio katika mizizi, au ni kazi ya pamoja ya bakteria na mwenyeji wao. Leo zao la kemikali hiyo limo katika dawa ya saratani ya matiti iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2013, na malighafi yake hutoka kwa bakteria wanaokuzwa matangini. Tani zile 27 za Shimba zilikatwa kabla hajaulizwa mtengenezaji ni nani.

Hapo ndipo ninapotaka watumishi wa umma wanisikilize. Tani 27 hujaza malori, na lori huonekana barabarani. Anayejua mtengenezaji ni bakteria hahitaji lori. Jani moja ndani ya bahasha linatosha, na likishafika maabara halihitaji kuombwa mara ya pili: bakteria atakuzwa, atagandishwa, atazalishwa milele. Fomu kadhaa za kusafirisha sampuli nilizowahi kuzisoma hutaja jina la mmea, uzito, idadi ya majani na mahali yalipochumwa. Za wapangaji hazitaji chochote. Mtoa kibali huamini ameruhusu kipande cha mti kwenda kutambuliwa, kumbe ameruhusu mamia ya viumbe ambao hakuna aliyewahesabu.

Sheria ya kimataifa haina upofu huo. Mkataba wa Bioanuwai wa 1992 unapofafanua mali ya kijenetiki hutaja mimea, wanyama na vijidudu kwa pamoja, na Itifaki ya Nagoya ya 2010 imejengwa juu ya ufafanuzi huo. Kilichobaki nyuma ni karatasi zetu wenyewe. Tena mambo yanakimbia: siku hizi hata jani si lazima lisafiri, kwa kuwa mpangilio wa jeni hutumwa kwa intaneti. Mfuko wa Cali, uliozinduliwa Februari 2025 ili makampuni yanayonufaika na taarifa hizo yachangie, unategemea hiari yao. Mimi siwekezi matumaini makubwa katika hiari ya kampuni.

Nitaambiwa kwamba masharti zaidi yatawafukuza wageni na kuwachelewesha wanafunzi wetu. Hoja hiyo ina uzito, kwani urasimu umeua tafiti nyingi kuliko wizi. Lakini ushirika wa haki unawezekana, tena mfano wake uko mkoa huuhuu wa ziwani. Huko Mahale, Michael Huffman alipoandika mwaka 1989 juu ya sokwe mgonjwa aliyetafuna shina chungu la mmea ambao Watongwe huuita mjonso, jina la Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe aliyeutambua mmea ule kuwa ni dawa, lilikuwa juu ya makala kama mwandishi mwenza. Katika utafiti wa bakteria, haki ya namna hiyo itadai zaidi ya jina: itadai bakteria wenyewe wabaki nchini, wakiwa hai.

Na hilo halihitaji kituo cha mabilioni. Linahitaji friji ya nyuzi 80 chini ya sifuri yenye umeme wa akiba, maana aina iliyotenganishwa kwa miezi sita inaweza kupotea umeme ukikatika. Nakala ya mmea katika hebaria ya taifa. Na mwanafunzi mmoja wa Kitanzania katika kila mradi, anayeshika pipeti mwenyewe badala ya kubeba mifuko tu. Mwaka 2005 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa bakteria waishio ndani ya mibuni iliyochukuliwa Colombia, Hawaii na Mexico. Mibuni ya Kalinzi inaota jirani na msitu wenye ndugu zake wa porini, na swali la kama bakteria huhama kutoka kwa ndugu hao kwenda kwenye mbuni wa mkulima ni la kujibiwa hapahapa, na linatosha kwa shahada ya uzamivu.

Kwa kuanzia, naomba mstari mmoja uongezwe kwenye fomu, chini ya jina la mmea: "Pamoja na vijidudu vyote vilivyomo ndani yake, nakala hai ya kila kitakachotenganishwa irudishwe Tanzania, ikiwa na jina la kijiji jani lilipochumwa."